Kahawa ya Shosho

Shosho amechuma kahawa Nyeri maisha yake yote, lakini yeye hunywa chai. Juzi nilimpikia kikombe, nyeusi, bila sukari. Akaonja, akakunja uso. “Hii si ni dawa?”

Nikamwambia waonjaji wanaisifu sana SL28, aina iliyochaguliwa Kabete miaka ya 1930: uchachu wa matunda, halafu utamu unaobaki kooni. Akacheka tu.

Lakini angeizoea wapi? Wamishonari walipanda kahawa Bura, Taita, mwaka 1893, kisha kwa miongo serikali ya kikoloni ikamzuia Mwafrika kuilima. Walowezi walidai angeeneza magonjwa ya mimea na kuwaibia. Meru na Kisii walifunguliwa kidogo miaka ya 1930; kwa wengi mlango ulifunguka na Mpango wa Swynnerton, 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Hata hapo ulichuma, ukapeleka kiwandani, ukangoja malipo. Kahawa nzuri ikapanda meli.

Uchungu huja na kukaanga, na kukaanga kulifanyika mbali. Utamu ndio Shosho anaujua. Alipokuwa mdogo, akichuma kwa mzungu, nyapara akigeuka walifyonza tunda jekundu haraka, ute wake mtamu, kisha mbegu wakazitema ndani ya debe.