Jiwe na Lebo Yake

Wakusanyaji wa mawe na madini wana kanuni moja wanayoishika kama sheria: jiwe lisilo na lebo ni kokoto. Linaweza kuwa na fuwele nzuri na rangi ya kuvutia, lakini kama hakuna karatasi inayosema lilitoka mgodi gani, thamani yake hushuka kwa mkusanyaji, na kwa mwanasayansi karibu iishe kabisa. Ndiyo maana katika makabati ya makumbusho utakuta jiwe la ukubwa wa kidole gumba limelazwa juu ya kikaratasi chenye wino uliofifia. Jiwe likivunjika, vipande vyake bado vitasomeka. Karatasi ikipotea, hakuna atakayejua jiwe lilizaliwa wapi.

Vikaratasi hivyo ni nyaraka za historia, na kama nyaraka zote, vina waliovitaja na vina waliowanyamazia.

Kwanza tuelewe kwa nini migodi ya zamani huwavuta wakusanyaji. Mwenye mgodi hulipwa kwa kitu kimoja: dhahabu, au shaba, au ulanga. Kila kisichokuwa hicho humwagwa nje kama kifusi. Kule Geita mawe ya namna hiyo huitwa magwangala, na wapo watu wanaoishi kwa kuyaponda upya wakitafuta chembe za dhahabu zilizobaki. Mkusanyaji naye huenda kwenye kifusi, lakini anatafuta kile ambacho mgodi haukukihitaji. Tena karibu na uso wa ardhi maji ya mvua na hewa hupenya kwenye nyufa za miamba na kuyabadilisha madini ya asili kuwa madini mapya. Shaba huzaa malakaiti ya kijani. Urani, ambayo katika uraninaiti ni nyeusi na nzito ajabu, huzaa madini ya njano, ya rangi ya machungwa na ya kijani. Mara nyingi mchimbaji hulipita tabaka hilo akiifuata mali iliyo chini. Mkusanyaji angependa kukaa hapo siku nzima.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walikuwa wakichimbisha ulanga katika milima ya Uluguru, karibu na Morogoro. Ulanga ulikuwa bidhaa ya maana viwandani: hubanduka kurasa kwa kurasa, haupitishi umeme, na hustahimili moto. Katika miamba hiyohiyo palikutwa fuwele nyeusi za uraninaiti, nyingine zikiwa zimegeuka njano. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald wa Berlin aliichunguza sehemu ya njano, akaona kuwa ni madini ambayo sayansi haikuwa imeyaeleza. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal, Kanada. Hadi leo vitabu vya madini huandika kuwa rutherfordini ilipatikana kwa mara ya kwanza Morogoro.

Utazame mwaka huo vizuri. Mwaka 1906 vita vya Majimaji vilikuwa bado vinaendelea kusini mwa koloni, na njaa ilikuwa ikiwamaliza watu ambao mashamba yao yalichomwa na jeshi la Wajerumani. Katika meza ya maabara Berlin, koloni hilohilo lilikuwa mstari mmoja kwenye lebo: jina la jiwe, jina la mahali. Mwanasayansi alijulikana, na aliyeheshimiwa alijulikana. Mtu aliyeliona jiwe la njano katikati ya ulanga na kuliweka pembeni badala ya kulitupa hakuwa na nafasi kwenye karatasi.

Miaka 9 baadaye jambo hilo lilijirudia upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, tena kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafiti wa madini aliyefanya kazi chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alitambua madini ya urani mahali paitwapo Shinkolobwe, katika Kongo ya Kibelgiji. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Kilichotakiwa ni radiamu iliyomo ndani yake, iliyotumika hospitalini kutibu saratani na viwandani kufanya mishale ya saa ing'ae gizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 mawe ya Shinkolobwe yalianza kusafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji.

Mengine yalifika mezani kwa Alfred Schoep, profesa wa Chuo Kikuu cha Ghent, na kukafuata miaka michache ya kutoa majina. Kyuraiti, ya mwaka 1921, ilipewa jina la Pierre Curie. Bekerelaiti, ya 1922, jina la Henri Becquerel. Sodiaiti, mwaka huohuo, jina la Frederick Soddy. Sklodowskaiti, ya 1924, ilibeba jina la ukoo wa kuzaliwa wa Marie Curie. Dewindtaiti ilimkumbuka Jean Dewindt, mwanajiolojia kijana wa Ubelgiji aliyezama katika Ziwa Tanganyika. Schoep mwenyewe hakusahaulika: mwaka 1923 mwenzake mmoja aliyataja madini mengine shoepaiti.

Katika orodha hiyo kuna jina moja la nyumbani. Kasolaiti, ya mwaka 1921, ilitokana na Kasolo, jina jingine la eneo hilohilo la mgodi. Ni jina la mahali, si la mtu. Hata hivyo mtu anayelitamka leo katika maonyesho ya madini Ulaya au Marekani hutamka neno la Katanga, ajue asijue.

Sitaki kusema kwamba Becquerel au Marie Curie hawakustahili. Walifanya kazi kubwa, na Marie Curie aliilipia kwa afya yake. Ninachosema ni kwamba jiwe halitoki lenyewe ardhini. Shinkolobwe lilichimbwa na wafanyakazi Wakongo, waliochagua mawe mazuri kwa mikono na kuyapakia magunia. Katika kambi za Union Minière lugha iliyoenea ilikuwa Kiswahili. Huenda basi maneno ya kwanza kusemwa juu ya jiwe lililokuja kuitwa bekerelaiti yalikuwa ya lugha unayoisoma sasa. Maneno hayo hayakuandikwa.

Kisha jiwe likabadilika maana. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe hadi ghalani Staten Island, New York. Yalikaa humo hadi Septemba 1942, jeshi la Marekani lilipoyanunua kwa mradi wake wa siri. Mgodi uliokuwa umesimama ukafunguliwa upya. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Usiri ukawa mkubwa kiasi kwamba jina la Shinkolobwe, ambalo wakusanyaji walikuwa wakiliandika kwenye lebo bila wasiwasi, likawa halitajwi.

Kongo ilipokaribia uhuru mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege. Lakini kifusi hakizibwi kwa zege. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 maelfu ya wachimbaji wadogo walirudi kuchimba, safari hii wakitafuta kobalti, na urani ikiwa imechanganyika humohumo. Januari 2004 amri ya rais ilipiga marufuku uchimbaji. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua watu wasiopungua 8.

Hapo ndipo historia hii inaponikaba. Mkusanyaji anayezuru mgodi wa zamani na nyundo yake, na mchimbaji mdogo wa Shinkolobwe, wanafanya tendo moja: kuokota walichoacha wenye mgodi. Mmoja huitwa mpenda sayansi. Mwingine huitwa mvamizi. Jiwe la mmoja huwekwa kwenye sanduku lenye kioo, na jiwe la mwingine huingia kwenye gunia na kupotelea katika betri za dunia.

Kama wewe ni kijana unayependa mawe, usiyaache kwa sababu hiyo. Ila enda kwa akili. Usiingie kwenye shimo la zamani, hata kama linaonekana imara. Mbao huoza, na hewa ya ndani inaweza kuua bila harufu. Omba ruhusa. Tanzania, chini ya Sheria ya Madini ya 2010, madini ni mali ya taifa, hata yaliyolala juu ya kifusi. Jiwe lenye urani usiliweke chumba cha kulala, kwa kuwa hutoa gesi ya radoni, na ukilishika nawa mikono. Na kabla ya kuinama kuokota, ongea na wazee wa kijiji cha jirani. Wao hujua ni kina nani walifanya kazi pale, walilipwaje, nani hakurudi.

Kisha andika lebo ndefu kuliko ulizozoea. Jina la madini, mgodi, wilaya, tarehe, kina, kama kawaida. Ongeza waliochimba. Ukiwa na majina, yaandike. Usipokuwa nayo, andika kwamba hayakuandikwa, ili pengo lenyewe lionekane kabatini. Kwa mfano: Rutherfordini. Milima ya Uluguru, Morogoro. Ilitolewa na wafanyakazi wa mgodi wa ulanga, enzi za Wajerumani. Majina yao hayakuandikwa. Ilielezwa Berlin, 1906.