Jina la Nchi ya Wachina

Wachina huiita nchi yao Zhongguo: zhong ni kati, na guo ni nchi. Maneno hayo yameandikwa ndani ya chombo cha shaba kiitwacho He zun, chenye umri upatao miaka 3,000. Mwaka 1848 Samuel Wells Williams, mmishenari wa Kimarekani, alitoa kitabu akakiita kwa Kiingereza Ufalme wa Kati. Waandishi wengi hulitumia jina hilo, na wengine hulitumia kwa dhihaka, kana kwamba Wachina hujivuna. Lakini Wachina huiita Marekani Meiguo, wala haina mfalme. Tena mwaka 1912 mfalme wa Uchina alijiuzulu, na jina Zhongguo likabaki. Basi, wasomaji, jina la watu tulipime kwa lugha yao wenyewe.