Misahafu ya Siyu na Gharama ya Nakshi

Chini ya Mlima Meru, kitabu cha ibada cha Kikristo kilifika kikiwa kimeshachapishwa. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, waliojenga kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, walikuja na vitabu vya kiwandani, kila nakala pacha wa mwenzake. Huenda ndiyo maana mkazi wa Olasiti, Arusha, leo, awe na Biblia ya zipu au msahafu uliofungwa kitambaa juu ya kabati, huona urembo wa kitabu kama jambo la pembeni: maneno ndiyo ibada, mapambo ni fahari ya mwenye fedha. Mimi nadhani mgawanyo huo ni mpya kuliko unavyoonekana, na kwamba ukishuka pwani hadi karne moja kabla ya Nkoaranga utakuta watu ambao mgawanyo huo usingewaingia akilini.

Watu hao walikuwa wa Siyu, mji wa mawe katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa Lamu. Katika karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19, Siyu ilisifika kwa mafundi wa ngozi, maseremala na wanakili wa vitabu. Misahafu yao iliyosalia hutambulika haraka: maandishi manene ya wino mweusi, fremu na mafundo yaliyosukwa kwa nyekundu na njano, maua na maumbo ya jometri yaliyopandishwa hadi kwenye pambizo. Dhahabu, ambayo Istanbul na Isfahan ilimwagwa bila hesabu, haikuwa tabia yao. Uchache huo wa rangi una nidhamu ambayo binafsi naithamini kuliko mng'aro, lakini kubwa zaidi ni kwamba rangi ilikuwa na kazi. Msomaji hupaswa kujua aya inaishia wapi, sura mpya inaanzia wapi, juzuu ipi kati ya 30 inafunguliwa usiku huu wa Ramadhani. Wino wa rangi na alama za pambizoni humfikisha hapo bila kubahatisha, kama mawe ya mpakani shambani. Ukiifuta nakshi yote, msahafu utasomeka, ila utasomwa kwa shida zaidi.

Gharama nayo haikuwa ndogo. Karatasi hazikutengenezwa Pate. Nyingi zilikuwa za Ulaya, zenye alama za maji zinazowasaidia watafiti kukadiria umri wa misahafu, na zilifika kwa vyombo vilivyofuata kaskazi na kusi. Juu yake weka kazi ya mtu mmoja kuandika aya zaidi ya 6,200 kwa mkono, kuzipitia upya na kurekebisha makosa, kisha jalada la ngozi. Kitabu kama hicho kilikuwa mali, kama mashamba na nyumba zilivyokuwa mali. Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapoingia, tena ni zito: waungwana wa Lamu na Pate walichonga zidaka ukutani ili sahani za Kichina zionekane, basi kwa nini msahafu wenye nakshi usihesabiwe kuwa sahani nyingine tu? Ulaya ushahidi ni wa wazi kuliko huo. Kitabu cha sala ambacho ndugu wa Limbourg walimchorea Duke wa Berry wa Ufaransa, na ambacho hawakukimaliza kwa sababu wao na mwajiri wao walifariki mwaka 1416, kina ukurasa wa Januari unaomwonyesha Duke mwenyewe ameketi karamuni. Huyo alikuwa akisali au akijitazama?

Sikatai kwamba fahari ilikuwepo. Nakataa kwamba ilitosha. Hata Ulaya vitabu hivyo vya sala vilijazwa na wenyewe: majina ya wafu wa ukoo yaliandikwa katika kalenda, sala mpya zikaongezwa pambizoni, kurasa zikachakaa kwa vidole. Na pwani yetu kulikuwa na wakfu. Msahafu ukishawekwa wakfu haurithiwi, haugawanywi, hauuzwi. Unabaki kusomwa na thawabu zimfikie aliyeutoa au marehemu wake. Mtu anayetaka kujionyesha hulinda haki yake juu ya mali. Mtoa wakfu alinunua kitu cha thamani kisha akakivua thamani ya sokoni kwa makusudi, na kadiri kilivyogharimu ndivyo sadaka ilivyokuwa nzito. Gharama yenyewe ikawa ibada.

Pingamizi la pili linatoka ndani ya dini. Wapo wanazuoni wa karne za mwanzo za Uislamu waliochukia kupamba msahafu, hata kuutia alama, wasije watu wakachanganya neno la Mungu na la binadamu. Wanakili wa Siyu hawakuipuuza hofu hiyo, ukitazama kazi yao. Hakuna sura ya mtu wala mnyama, na nakshi hubaki kwenye fremu na pambizo huku aya zikishika katikati. Kuna anayeweza kuongeza kwamba wengi wa waliouthamini msahafu hawakujua Kiarabu, kwa hiyo walithamini chombo, si maneno. Lakini pwani ni hiyo hiyo ambako aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa maji hayo, yaani kombe. Kwa jamii yenye imani hiyo, wino haukuwa gamba la nje la neno.

Siyu ilivunjwa nguvu na vita. Mtawala wake, Bwana Mataka, aliyashinda majeshi ya Seyyid Said, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1840, lakini miaka ya 1860 mji ukaangukia mikononi mwa mwanawe, Seyyid Majid. Punde vitabu vya bei nafuu vya Bombay na Kairo vikajaa pwani, na Sultani Barghash akaleta mtambo wa kuchapia Unguja. Kama nakshi ingekuwa anasa ya matajiri peke yao, mashine ingeitupa, maana sasa mnunuzi alikuwa mtu wa kawaida na kila pesa ilihesabiwa. Haikuitupa. Hata Ulaya, wachapaji wa Paris mwishoni mwa karne ya 15 walizungushia vitabu vyao vya sala mapambo ya pambizoni, na msahafu wa bei nafuu unaouzwa leo sokoni Arusha bado hufunguka kwa kurasa mbili zenye fremu ya maua, Al-Fatiha upande mmoja na mwanzo wa Al-Baqara upande wa pili.