Mkono wa Mganga wa Meno

Leo tutasimulia habari za eksirei ya meno, na jinsi watu walivyojifunza kujikinga nayo.

Mwaka 1895, huko Ujerumani, Bwana Wilhelm Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana kwa macho, ipenyayo nyama na kuonyesha mifupa. Mwaka 1896 mganga wa meno, Bwana Otto Walkhoff, alipiga picha ya meno yake mwenyewe. Ilimbidi atulie mbele ya mionzi dakika 25! Siku hizi kazi hiyo haifiki sekunde moja.

Huko Marekani, katika mji wa New Orleans, Bwana Edmund Kells alikuwa miongoni mwa waganga wa kwanza kutumia eksirei ya meno. Kila alipotaka kuirekebisha mashine, aliweka mkono wake mbele ya mionzi. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakuogopa. Miaka ikapita, saratani ikaingia mkononi. Akakatwa vidole, kisha mkono. Alifariki mwaka 1928.

Mganga mwingine, Bwana William Rollins wa Boston, alikuwa ameonya mapema, mnamo mwaka 1901. Alisema mashine ifunikwe kwa risasi, yaani yale madini mazito, ili mionzi isitawanyike ovyo. Wengi hawakumsikiliza.

Je, habari hizi zatuhusu nini sisi wa Tunduma na Vwawa? Siku hizi ipo mashine ndogo ya eksirei, mfano wa kamera, itumiayo betri. Mganga aweza kuichukua mpaka kijijini, na hilo ni jema. Lakini huishika mkononi, hivyo yu karibu na mionzi. Mashine nzuri ina risasi ndani, na ngao ya kuzuia mionzi imrudiayo mshikaji. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilionya juu ya mashine za namna hii zilizouzwa kwenye intaneti bila risasi ya kutosha. Nasi tunakaa mpakani, mahali papitapo bidhaa nyingi.

Nchi yetu ina sheria. Kwa sheria ya mwaka 2003, Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo isimamiayo mionzi. Mtu haruhusiwi kuingiza wala kutumia mashine ya eksirei pasipo kibali chake.

Mgonjwa asiogope: picha moja ya jino ina mionzi kidogo sana. Aliye hatarini zaidi ni mganga, apigaye picha kila siku. Basi asiondoe ngao, avae aproni ya risasi, wala asishike filamu kinywani mwa mgonjwa kwa kidole chake. Wasiohusika wasogee mbali. Mama mjamzito aseme mapema.

Wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini Bwana Kells hakuogopa mionzi?
2. Ngao ya mashine ina kazi gani?
3. Kabla ya kununua mashine ya eksirei, mganga atafute kibali wapi?