Kimbilio la Mke Aliyepigwa: Kutoka Mji wa Baba hadi Dawati la Jinsia, Shinyanga na Geita

Miongoni mwa Wasukuma, kimbilio la kwanza la mke aliyepigwa lilikuwa mji wa baba yake, lakini mlango huo ulizibwa na mahari, yaani ng'ombe waliotolewa na ukoo wa mume. Kwa kuwa ng'ombe hao mara nyingi walikuwa wamekwisha kutumika kumwozea kaka yake, kuvunjika kwa ndoa moja kulihatarisha nyingine, na wazee waliosikiliza shauri walikuwa na kila sababu ya kumrudisha binti kwa mumewe. Mila hizo ziliandikwa na Hans Cory, mtaalamu aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, katika kitabu cha mwaka 1953, na Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 likaendeleza kanuni ya kurejesha mahari kwa kupima kosa ni la nani.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilibadili msingi huo, kwani kifungu cha 66 kilitamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Hata hivyo, kifungu cha 101 kiliagiza kwamba shauri la talaka, isipokuwa katika hali maalumu, lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, chombo cha kupatanisha wanandoa, na mlalamikaji apewe hati kwamba upatanisho umeshindikana. Kwa hiyo aliyekimbia kipigo aliendelea kukutana kwanza na watu ambao kazi yao ilikuwa kuinusuru ndoa.

Dhahabu ilileta tatizo jingine. Migodi mikubwa ilipofunguliwa Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Nyarugusu na Rwamgasa, nayo yaliendelea kuvuta wanawake waliokuja kuponda mawe na kupika chakula, wengi wao wakiishi na wanaume bila mahari wala wazazi wa karibu. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kiliwapa kinga kiasi kwa njia ya dhana ya ndoa, yaani kuhesabiwa wanandoa kwa walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambuliwa hivyo na jamii, lakini hakikuwapa mji wa kukimbilia.

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, na baadaye na Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18. Katika utaratibu huu mlalamikaji hupewa fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, akaipeleka hospitali, daktari akaandika majeraha aliyoyaona, kisha fomu ikarudi polisi kuwa ushahidi. Hapo jeraha lenyewe ndilo linaloanzisha shauri, bila kusubiri hesabu ya ng'ombe wala hati ya baraza. Lakini kwa mwanamke anayemtegemea mume kwa chakula na pango, kulifikisha shauri hilo mahakamani bado kunadai kile ambacho mji wa baba ulipaswa kumpa, yaani mahali pa kulala wakati kesi ikiendelea.