XML Inaganda Bando Zikiisha? Katalogi Ndio Dawa

Usiku Kiamunyi, uko na lapi, kuna msee anangoja kazi asubuhi ndio akulipe. Unataka programu isome faili moja tu ya XML, na iko hapo hapo kwa diski. Bando zinaisha, programu inadinda. Si ushamba wako. Hiyo faili inatuma programu nje bila kukushow.

Inatumwa wapi?
XML ni njia ya kupanga data kwa alama. W3C iliipitisha Februari 1998. Mara nyingi juu ya faili kuna mstari wa DOCTYPE wenye anwani ya DTD, yaani sheria za alama gani zinaruhusiwa na zikae wapi. Programu zingine zikiona hiyo anwani zinaifuata mtandaoni kila zikisoma faili. Ni kama kupanda mathree hadi tao Nakuru kila siku kununua chumvi ya mboga moja, na ungeweka pakiti jikoni.

Noma yake
W3C wenyewe waliumia. 2008 walisema seva zao zinapigwa hadi maombi milioni 130 kwa siku, ya DTD ambazo hazibadiliki. Wanaorudia rudia wakaanza kunyimwa. Na huku kwetu, 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, neti ikawa mwendo wa kobe Kenya, Uganda na Tanzania. Siku kama hiyo, programu inayongoja sheria kutoka ng'ambo inakwama na wewe.

Katalogi ni nini?
Ni faili ndogo, nayo pia ni XML, inayosema: ukiona anwani hii, chukua nakala hii ya kwa diski. Dokumenti yako haiguswi. OASIS ilitoa toleo 1.1 la kiwango chake 2005. Kwa Linux inakaa /etc/xml/catalog. Ukitaka yako binafsi, ielekeze kwa XML_CATALOG_FILES.

Fanya hivi
1. Ukiwa na neti poa, shusha DTD mara moja, pamoja na faili zote inazoita ndani. DTD ya XHTML 1.0 inaita zingine tatu. Wengi huanguka hapa.
2. Andika kila anwani na nakala yake kwa katalogi.
3. Pima kwa xmllint --nonet --valid. Mtandao unafungwa, na kama kuna faili ulisahau, inakuambia ni gani.

Chunga
Sheria zikitoka upya, nakala yako haitajua, kwa hivyo andika toleo na tarehe kando. Na faili ya mtu usiyemjua inaweza kuwa na anwani ya mtego, ya kuchota siri za mashine yako. Funga mtandao kwanza, ndio uisome. Wewe ndio unaamua programu yako iende wapi, si faili ya mtu.