Viunganishi katika Mtihani wa IELTS
Viunganishi hufungamanisha hoja. Katika IELTS, mtihani wa Kiingereza ulioanza mwaka 1989, hupimwa chini ya kigezo cha mtiririko na mshikamano, chenye robo ya alama za uandishi.

Wingi wake hausaidii. Insha inayofungua kila sentensi kwa “moreover” au “furthermore” husomeka kama imeundwa kwa mashine, kasoro inayohusishwa na ngazi ya 6. Ngazi ya 9, ya juu kabisa, hudai mshikamano ambao ni nadra sana kuvuta macho.

Sarufi nayo ina mitego. “However” haiunganishi sentensi mbili kwa mkato pekee kama “but”; hutanguliwa na nukta au nukta mkato. Mswahili aliyezoea “ingawa… lakini” huweza kuandika “although… but”, ilhali Kiingereza hutaka kimojawapo tu.